RAM ya desktopu ya zamani: jua mashine yako inakula ipi kabla hujapanda mwendokasi kwenda Kariakoo

Wiki chache zilizopita kuna mama mmoja mwenye steshenari huku Tabata aliniita, akaniambia "fundi, hii mashine inaniaibisha, mteja anakuja kujaza fomu ya mkopo wa chuo nafungua ukurasa mmoja tu inaganda, mpaka mtu anaondoka anaenda kwa jirani". Alishaanza kuweka hela pembeni anunue kompyuta nyingine. Nikafungua nikaangalia, Windows 10 inaendeshwa na RAM ya GB 2, Chrome ina kurasa tatu, Word imefunguliwa na printa inasubiri. Pale tatizo halikuwa kompyuta kuzeeka, kompyuta ilikuwa na njaa. Tukaongeza RAM na leo bado anaitumia, hela yake kaongezea mashine ya fotokopi.

Naandika hii mana naona watu wengi wanapoteza hela kwenye hili jambo, na hawapotezi kwa sababu RAM ni ghali, wanapoteza kwa sababu wanafika dukani wanasema "nipe RAM ya nne". RAM ya nne ipi? Ziko za aina kibao na zote zimeandikwa 4GB. Ukijua kusoma stika moja ndogo na ukiijua mashine yako, hakuna wa kukuuzia kitu kisichokuhusu. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kuchagua, kufunga kwenyewe ni dakika kumi.

Kwanza hakikisha tatizo ni RAM kweli

Usinunue kitu kabla ya hapa. Washa mashine, fungua vile vitu unavyofungua siku zote, yaani zile kurasa zako, Word, Excel, WhatsApp ya kwenye kompyuta, kila kitu, alafu bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja. Itakuja Task Manager. Nenda sehemu ya Performance, utaona Memory na Disk.

Memory ikiwa asilimia 85 au 90 na zaidi wakati unafanya kazi za kawaida, basi RAM haitoshi. Na hapo mara nyingi utakuta na Disk nayo iko 100, wengi wanachanganyikiwa hapa wanasema hadi diski imekufa. Ni hivi, chukulia kaunta ya dukani na stoo ya nyuma. RAM ni kaunta, vitu unavyouza sasa hivi viko mkononi. Kaunta ikijaa inabidi kila kitu ukimbilie stoo, urudishe hiki uchukue kile. Windows inafanya hivyo hivyo, RAM ikijaa inahamishia vitu kwenye hadi diski na kuvirudisha, na hadi diski ya zamani ile ya kuzunguka ni mzito mno kwa kazi hiyo, ndo unaona ile taa inawaka bila kupumzika na mshale wa mausi unanata.

Lakini kama unayo GB 8, Memory iko asilimia 45, na Disk bado 100 kila ukiwasha, usinunue RAM, nunua SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Msimamo wangu ni huu: mwenye GB 2 aanze na RAM hata kama ana hela ya SSD, mwenye GB 4 aende mpaka 8 alafu SSD ifuate akijaaliwa, mwenye 8 aende SSD moja kwa moja.

Pili, angalia Windows yako ni ya biti ngapi

Hili linasahaulika sana. Bonyeza kitufe cha Windows na Pause, au nenda This PC, bonyeza kulia, Properties. Ukikuta imeandikwa 32-bit basi ujue Windows ya hivyo ukomo wake ni GB 4, na hata hizo 4 hauzipati zote, utaona imeandikwa inatumika 3.2 au 3.5 hivi. Ukiweka GB 8 kwenye Windows ya 32 umetupa hela. Nimekuta ofisi moja ya wapima ardhi wana mashine nne, zote zimeongezwa RAM mpaka 8, zote ziko 32-bit, mwaka mzima wanatumia tatu na nukta bila kujua.

Kutoka 32 kwenda 64 hakuna njia ya mkato, unapiga Windows upya kabisa, kwa hiyo hamisha kazi zako kwanza kwenye flashi au hadi diski ya nje. Prosesa za Core 2 Duo na kupanda zote zinakubali 64, hapo usiwe na wasiwasi.

Na ukishafika hatua ya kupiga upya, fikiria vizuri unapiga nini. Microsoft walisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wao inataka RAM isiyopungua GB 4, chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel prosesa kuanzia kizazi cha nane. Mashine nyingi tunazozungumzia hapa hazifiki huko. Mimi kwa watu wa kuandika barua, kuprinti na kuingia mtandaoni nawawekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, wenyewe wanasema inatosha GB 2 ila GB 4 ndo inakaa vizuri, na kwa nilivyoona ni kweli.

Tatu, mashine yako inatumia aina gani

Hapa ndo penyewe, tulia usome.

RAM za desktopu utakazokutana nazo ni DDR2, DDR3 na DDR4. Haziingiliani. DDR2 haiingii kwenye sloti (ile nafasi ya kuchomekea RAM) ya DDR3 hata kidogo, na usilazimishe. Ukiishika mkononi utaona kwenye ule upande wa meno ya dhahabu kuna pengo, kama mtu aliyeng'oka jino. Pengo hilo liko sehemu tofauti kwa kila aina, limewekwa makusudi ili usikosee. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 kwa hiyo kwa urefu zinafanana, pengo ndo linazitenganisha. DDR4 ina pini 288 na ule ukingo wa meno umepinda kidogo katikati, sio mnyoofu kabisa.

Kwa makadirio ya haraka kwa kutazama prosesa: Core 2 Duo na Pentium za kipindi hicho inaweza kuwa DDR2 au DDR3, lazima uhakikishe. Mfano Dell OptiPlex 755 ni DDR2, OptiPlex 780 ni DDR3, na kwa sura zinafanana kama ndugu. Core i3, i5, i7 kizazi cha kwanza mpaka cha nne ni DDR3. Kizazi cha sita kilichotoka 2015 nyingi ni DDR4, chache zinatumia DDR3L ambayo inakula volti 1.35 badala ya 1.5.

Kujua bila kufungua CPU (hapa nasema lile boksi, sio prosesa), pakua programu ya bure inaitwa CPU-Z, nenda Memory utaona aina, alafu nenda SPD chagua sloti moja moja utaona kila stiki, yaani kila kipande cha RAM, ni ya kampuni gani, GB ngapi, spidi gani. Kama hauna bando, andika cmd pale kwenye kutafuta, ikifunguka andika hivi:

wmic memorychip get devicelocator,capacity,speed,partnumber

Capacity inakuja kwa namba ndefu, 2147483648 ni GB 2, 4294967296 ni GB 4. Ukitaka kujua sloti ziko ngapi na mashine inabeba mpaka ngapi andika:

wmic memphysical get maxcapacity,memorydevices

Hapo 16777216 maana yake GB 16, 33554432 ni GB 32. Hii ya ukomo usiiamini asilimia mia, mashine nyingine inadanganya, kwa hiyo chukua jina la modeli iliyoandikwa mbele ya boksi utafute kitabu chake mtandaoni uthibitishe. OptiPlex 780 ile ya boksi la kawaida inaishia 16, OptiPlex 7010 ya sloti nne inafika 32. Na wale wenye vile vidude vidogo kabisa vya kukaa nyuma ya skrini, wafungue kwanza, mana vingi vinatumia RAM fupi za laptopu.

Nne, kusoma stika

Toa stiki moja iliyopo sasa au angalia picha hata ya mtu mwingine. Utakuta mstari kama huu: 4GB 2Rx8 PC3-10600U. Tuuvunje.

4GB hiyo inaeleweka. 2Rx8 ni namna chipu zilivyopangwa, tutaifikia chini. PC3 maana yake DDR3, ingekuwa PC2 ni DDR2, PC4 ni DDR4. Ukiona PC3L ni ile ya volti ndogo, na kwa kawaida inakubali kwenye mashine ya DDR3 ya volti 1.5, ila kinyume chake ndo hatari, mashine inayotaka DDR3L usiipe ya 1.5. Namba 10600 ni upana wa njia, igawanye kwa 8 utapata spidi kwa makadirio, 10600 ni ile ya 1333, 12800 ni 1600. Ukichanganya ya 1333 na ya 1600 zote zitatembea kwa ile ya chini, hakuna kitakachoungua. Kwa hiyo usilipe hela ya ziada kwa ajili ya spidi kwenye mashine ya zamani, ukubwa ndo muhimu.

Sasa ile herufi ya mwisho. U ndo yako. Ukiona S ni ya laptopu. Ukiona R au E, weka chini uondoke, hizo ni za seva. R ndo zimejaa sokoni, zinatoka kwenye seva zilizostaafishwa, zinauzwa bei ya kuvutia sana mpaka unajiona umeokota, GB 8 kwa bei ya GB 4, na ukifika nyumbani desktopu yako haiwaki picha. Njia ya pili ya kuzitambua ni kuhesabu chipu nyeusi upande mmoja, za seva zinakuwa 9 badala ya 8, au ukihesabu pande zote mbili 18 badala ya 16. Ile 2Rx4 nayo ni dalili ya seva.

Alafu kuna jambo moja ambalo hata baadhi ya mafundi hawalijui na mimi lilinigharimu siku nzima. Nilikuwa natengeneza mashine ya Core 2 Duo ya DDR3, kila kitu nilikuwa nimekihakikisha, PC3-10600U, 4GB, stiki safi kabisa. Nikafunga, hakuna picha, taa ya pawa ikawa ya njano. Nikarudisha ile ya zamani, inawaka. Nikarudi mjini, kijana wa dukani akaijaribu kwenye mashine yake ya i5 mbele yangu, ikawaka vizuri tu. Tukabaki tunatazamana. Nikaiweka kiganjani pamoja na ya pembeni yake kwenye kabati la kioo, ndo nikaona: ya kwangu ina chipu 8 upande mmoja, upande wa pili kapa, hiyo nyingine ina chipu 8 huku na 8 huku, jumla 16. Zote GB 4. Nikamwomba, "kaka nibadilishie hii, nipe hiyo yenye chipu pande zote". Nikaenda kuifunga, picha hiyoo.

Sababu yake ni kwamba mazabodi (ile bodi kubwa ya ndani inayobeba prosesa na sloti) za Core 2 na za i3 na i5 kizazi cha kwanza zinaweza kusoma chipu za msongamano mpaka gigabiti 2 kila moja, na gigabiti 8 ndo GB 1. Stiki ya GB 4 yenye chipu 16 kila chipu ina gigabiti 2, inasomeka. Yenye chipu 8 kila moja ina gigabiti 4, mazabodi haizielewi. Kwa hiyo mwenye mashine ya umri huo akienda sokoni aseme hivi: "DDR3 ya GB 4, 2Rx8, chipu pande mbili". Kuanzia kizazi cha pili hilo tatizo halipo. Na wenye DDR2 nao wawe macho, kuna stiki za GB 4 za DDR2 za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya AMD tu, kwenye mazabodi ya Intel haziwaki.

Tano, dukani

Nenda na stiki yako ya zamani, ifunge kwenye karatasi kavu, usiitupe mfukoni na funguo na sarafu. Ukiiweka kaunta maneno yanapungua na bei inashuka yenyewe mana muuzaji anajua anaongea na mtu anayejua. Kariakoo utapata used nyingi, na Posta pale kuelekea Samora yapo maduka ya mpya. Kwa DDR2 na DDR3 mimi sina shida na used, RAM haina kitu kinachozunguka wala kinachochakaa haraka, ikiwa nzima ni nzima. Ulizia maduka matatu kabla ya kutoa hela, bei za used zinapishana sana hata kwa watu wanaopakana ukuta.

Itazame meno ya dhahabu kwenye mwanga, yasiwe yamekwanguka mpaka shaba inaonekana, pasiwe na alama nyeusi ya kuungua, na vile vidude vidogo vidogo vya rangi ya kahawia pembeni ya chipu visiwe vimeng'oka. Omba ijaribiwe kwenye mashine mbele yako na uione GB zake kwa macho, kuna stika zinabandikwa juu ya nyingine. Alafu risiti, na kwenye risiti aandike kwamba ikigoma ndani ya siku saba unabadilishiwa. Anayekataa kuandika hilo, muage vizuri uende duka la pili.

Ukiweza nunua mbili zinazofanana, yaani 4 na 4 badala ya 8 moja. Zikikaa kwenye jozi mashine inasoma kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na mwenye kutumia picha za ndani ya prosesa bila kadi ya picha atauona utofauti. Ila kama hela haitoshi, 2 na 4 kwa pamoja inafanya kazi, usikae na njaa kwa kusubiri jozi.

Sita, kufunga

Zima kabisa, chomoa waya wa umeme ukutani, alafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde tano hivi ili umeme uliobaki ndani uishe. Laza boksi meza ngumu, vua saa na bangili. Fungua kava, shika bati la ndani kwanza, hiyo inatoa umeme tuli mwilini mwako. Hewa yetu ya pwani ina unyevu kwa hiyo umeme tuli ni kidogo kuliko bara, lakini usiache kushika bati, na zulia usikanyage.

Unyevu huo huo una ubaya wake. Mashine iliyokaa miaka Dar, hasa maeneo ya karibu na bahari, meno ya RAM yanafifia, yanakuwa na utando. Chukua raba ya penseli, ile laini, futa meno pande zote mbili taratibu kwa kuelekea nje, utaona yanarudi kung'aa, alafu pangusa vumbi la raba. Sloti zisafishe kwa brashi ya rangi mpya na kavu. Usipulize na mdomo, mate yanaingia. Nimeshaokoa mashine kadhaa zilizohukumiwa kuwa mazabodi imekufa kwa raba ya shule tu.

Fungua vile vibanio vya pembeni ya sloti, linganisha pengo, alafu kandamiza kwa vidole gumba viwili, upande huu na huu kwa nguvu sawa, mpaka vibanio vijifunge vyenyewe vikilia "ka!". Inataka nguvu kiasi kuliko unavyotarajia, usiogope. Kama kibanio kimoja hakijafunga, haijaingia, hata kama kwa macho unaona imekaa. Kama una mbili, mazabodi nyingi sloti za rangi moja ndo jozi. Kwenye Dell nyingi za OptiPlex anza na zenye vibanio vyeupe.

Saba, kuwasha na kujaribu

Usirudishe kava kwanza. Washa. Dell inaweza kukuambia kwamba kiasi cha RAM kimebadilika, bonyeza F1 inaendelea, ni kawaida. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows, kwa Dell ni F2, HP F10, Lenovo F1, hakikisha GB zote zinaonekana huko kabla ya kwenda Windows.

Hakuna picha, au inapiga mlio? Zima, chomoa, toa zote, weka moja tu sloti ya kwanza. Ikiwaka, iondoe weka ya pili pale pale. Kwa njia hiyo unajua kama mbovu ni stiki au sloti. Ikigoma zote, toa betri ya BIOS ile ya duara ya CR2032 dakika chache, rudisha, jaribu tena, saa itarudi nyuma utaiweka sawa.

BIOS inaona 8 lakini Windows inaonyesha 4? Rudi kwenye biti 32. Kama ni 64, andika msconfig, nenda Boot, Advanced options, uone kama Maximum memory imewekewa alama ya tiki, itoe.

Mwisho andika mdsched, Windows itajiwasha upya na kuipima RAM. Ukitaka uhakika zaidi weka Memtest86+ kwenye flashi uiache ikimbie usiku, chagua usiku ambao umeme wa mtaani kwenu hausumbui. Ikitokea kosa hata moja, stiki hiyo irudishe dukani ukiwa bado ndani ya zile siku saba, usikubali kuambiwa "kosa moja si kitu". Kosa moja ndo lile faili la Excel ambalo siku moja linagoma kufunguka.

Zile za zamani ulizotoa weka kwenye kimfuko ambacho mpya zilikujia. DDR2 ya GB 2 inatafutwa, kuna mtu mtaani ana mashine ya GB 1 inamtesa muda huu.